Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kibaski: tuchukue mfano wa Etxeberria

Shemeji yangu ni Mchile, anaitwa Echeverría, jina la Wabaski, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa. Mwanawe alipewa shuleni kazi ya kueleza asili ya jina la ukoo wao, na alipoingia mtandaoni akakutana na ngao za nembo ya ukoo, simba, na mashujaa wa vita wasio na tarehe wala kijiji. Nikamwambia ayaweke kando yote hayo. Njia tuliyopita ndiyo hii, na itakufaa hata kama jina lako ni Aguirre, Ibarra au Elizondo.

Hatua ya 1: Kusanya tahajia zote za jina

Hatua hii ndiyo inayomaliza watu. Usiiruke, na usiifanye huku umechoka.

Kibaski kina sauti ya "ch" kama ya "chai", ambayo leo huandikwa tx. Makarani wa Hispania waliiandika ch, na upande wa Ufaransa ikawa tch. Kwa hiyo Etxeberria, Echeverría na Etcheverry ni jina lilelile. Halafu kuna b na v: masikio ya Mhispania hayazitofautishi, basi kila karani aliandika alivyopenda, na kwenye daftari za zamani v hiyo huenda imeandikwa u. Usishangae kukuta "Echeuerria".

Lahaja nazo zina lao. Etxeberria maana yake ni nyumba mpya. Katika mikoa ya Gipuzkoa na Navarra, "mpya" ni berri. Mkoa wa Bizkaia ni barri. Kwa hiyo Etxebarria au Echevarría inakuelekeza Bizkaia kabla hata hujafungua daftari moja. Kuna pia familia zilizoangusha e ya mwanzo, tukapata Chavarría na Chávarri. Upande wa Ufaransa kuna waliobandika de mbele: Detcheverry. Ile -a ya mwisho ni kibainishi tu, kama "the" ya Kiingereza, na upande huo mara nyingi haipo.

Kisha lipo tawi ambalo wengi hawalitarajii: Javier. Ngome ya Javier iko Navarra, na jina lake linatokana na Etxeberri hiyohiyo. Zamani liliandikwa Xavier, x ikitamkwa "sh". Baadaye Kihispania kikabadilisha sauti hiyo, na tahajia ikaishia kwenye j. Wareno wakabaki na Xavier yao. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alizaliwa kwenye ngome hiyo mwaka 1506, na mwaka 1542 alipita Malindi akielekea Goa. Ukimkuta Mgoa wa Mombasa au Zanzibar anaitwa Xavier, usikimbilie kusema ni Mbaski. Jina hilo alipewa babu yake kwa heshima ya mtakatifu, damu haihusiki. Lakini lenyewe lilianzia kwenye nyumba ya Navarra.

Sasa kutafuta. Mimi hutumia FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, kuliko tovuti za kulipia, kwa sababu ni bure, inakuonyesha picha ya ukurasa wenyewe wa daftari pale inaporuhusiwa, na inakubali alama badala ya herufi: * kwa herufi zozote, ? kwa herufi moja. Andika *che?err* na utanasa Echeverría, Echeberria, Etcheverry na Detcheverry kwa mkupuo. Mwisho usiweke i, maana Wafaransa huandika y na utawakosa wote. Kisha rudia kwa *che?arr*, halafu *cha?arr*. Hiyo ya mwisho itakuletea takataka nyingi, vumilia.

Na sharti moja: kwenye maelezo yako nakili jina kama lilivyoandikwa kwenye hati, herufi kwa herufi. Usilisanifishe. Tx ni tahajia ya kisasa. Ukikuta mti wa ukoo unaodai mtu alibatizwa mwaka 1650 kwa jina la "Etxeberria", ujue aliyeuchora amejibadilishia mwenyewe, na huenda hilo si jambo pekee alilobadilisha. Tena nchini Hispania, tangu sheria ya mwaka 1999, raia anaruhusiwa kurudisha jina lake kwenye tahajia sahihi ya Kibaski, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na tahajia mbili na wote wako sawa kisheria.

Hatua ya 2: Likate jina vipande

Etxe ni nyumba, berri ni mpya, -a kibainishi: nyumba mpya. Sifa hufuata nomino kama kwetu. Ila kwenye nomino mbili mpangilio hugeuka: Elizondo ni eliza, kanisa, halafu ondo, kando, yaani kando ya kanisa. Bolibar, ambalo ndilo Bolívar la Simón Bolívar, ni bonde la kinu, na kinu kinatangulia.

Vipande vya kujifunza kwanza: mendi (mlima), ibar (bonde), iturri (chemchemi), zabal (pana), zahar (zee), goi (juu), na -aga na -eta, ambavyo huonyesha mahali. Jihadhari na ur na uri. Ur ni maji, uri ni mji au kijiji, na watu huzichanganya kila siku.

Ukimaliza kukisia, hakikisha kwenye hifadhidata ya majina ya Euskaltzaindia, chuo cha lugha ya Kibaski. Wakitofautiana na blogu ya mtu, waamini wao.

Hatua ya 3: Tafuta nyumba, ukoo utafuata

Mbaski wa kijijini alijulikana kwa nyumba anayoishi. Shamba lilikuwa na nyumba, nyumba ilikuwa na jina, na waliolala humo wakaitwa hivyo. Kila kijiji kingeweza kuwa na nyumba mpya yake, kwa hiyo Etxeberria zilikuwa nyingi na waliotoka humo hawana babu mmoja. Nyumba iliitwa mpya kwa sababu ilijengwa baada ya nyingine; leo inaweza kuwa na karne kadhaa na bado ni "mpya".

Ndiyo maana nasema usinunue ngao. Anayekuuzia "ngao ya ukoo wa Echeverría" anakuuzia picha ya familia moja kati ya nyingi, na hana njia ya kujua kama ni yako.

Daftari za ubatizo ziliagizwa rasmi na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, ingawa baadhi ya parokia zilianza kabla. Kadiri unavyorudi nyuma, usitegemee mtoto kuchukua jina la baba. Aliweza kuchukua la mama au la nyumba. Mwanamume aliyeoa mrithi wa kike na kuhamia kwake, hasa upande wa kaskazini, yaani wa Ufaransa, mara nyingi aliitwa kwa nyumba ya mke. Watu wa mkoa wa Araba wana mtindo wao wa kuunganisha, kama Ortiz de Zárate. Ukitafuta "Zárate" peke yake humpati.

Hatua ya 4: Pima jina limeenea wapi

Kwa Hispania, tumia tovuti ya takwimu ya taifa, INE. Andika jina, soma safu ya jina la kwanza la ukoo tu, kwani kila Mhispania ana majina mawili ya ukoo. Tazama kiwango kwa kila watu 1,000, usitazame idadi tupu: Madrid ina watu wengi, itaonekana kuongoza hata kwa jina lisilo la kwao. Fanya hivyo kwa kila tahajia, kwani INE huhesabu kila moja peke yake. Jina lenye watu chini ya 20 nchi nzima halionyeshwi.

Kwa Ufaransa kuna tovuti ya Geopatronyme, inayoonyesha waliozaliwa kati ya 1891 na 1990 kwa kila mkoa. Etcheverry itakupeleka moja kwa moja Pyrénées-Atlantiques, mkoa wa Wabaski wa Ufaransa. Amerika ya Kilatini soma tahajia kwanza: Etcheverry ya Uruguay au Argentina huashiria asili ya upande wa Ufaransa, na Chavarría utaikuta sana Costa Rica.

Hatua ya 5: Waandikie wanaotunza kumbukumbu (hifadhi za nyaraka)

Andika kwa Kihispania au Kifaransa, barua fupi. Taja jina kwa tahajia ya hati uliyonayo, mwaka, na kijiji. Kama huna kijiji, usitume bado; rudi kwenye cheti cha ndoa cha mhamiaji huko alikofikia, maana mara nyingi karani aliandika humo alikozaliwa.