Kabla ya Kula Kiapo: Mambo ya Kuzingatia kwa Rais Anayeingia Zanzibar

Uchaguzi wetu hufanyika mwishoni mwa Oktoba, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Kwa hiyo Rais anayeapishwa Novemba anaikuta bajeti ya mtangulizi wake, na miezi minne ya matumizi imeshapita. Kabla ya hotuba kuandikwa, Mheshimiwa, kaa na watu wa fedha wakuoneshe kilichobaki, mikataba iliyokwisha kusainiwa na madeni ya wakandarasi. Ahadi ya jukwaani isiyo na kifungu cha bajeti uijue wewe mwanzo, kabla Wawakilishi hawajakuuliza kwenye Baraza lao, Chukwani.

Lakini kwangu mimi kubwa kuliko yote ni Pemba. Nenda kabla hujatangaza mawaziri. Usiishie Chake Chake kwenye kikao cha viongozi. Fika Wete, Mkoani, Micheweni. Ukiwa ni mwaka wa msimu utakuta karafuu zimeanikwa majamvini kandokando ya barabara na watu wamekaa wakichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Kaa nao. Waulize kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, kiko mbali kiasi gani na malipo yanatoka lini. Baada ya hapo nyamaza usikilize, maana yatakayofuata hayatahusu karafuu. Januari 2001 watu waliuawa huku Pemba kwenye maandamano ya upinzani, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Familia hizo zipo, na zitakupima kwa namna utakavyokaa nazo.

Hapo ndipo Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya chama tawala na wapinzani kuongoza pamoja, inapopata uhai wake. Rais wa wakati huo, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif, walikutana Ikulu Novemba 2009. Kura ya maoni ya kuikubali serikali hiyo, ya Julai 31, 2010, iliyopita kwa asilimia 66, na mabadiliko ya Katiba vilikuja baada ya wao kuzungumza. Basi zungumza mwenyewe na chama kitakachotoa Makamu wa Kwanza wa Rais, usitume mtu, na mkubaliane mapema ni kazi gani hasa atakazozifanya. Ofisi yenye bendera na gari lakini haina mafaili inawaudhi waliompigia kura.

Omba pia mipango ya dharura. Desemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari uliharibika na Unguja ikakaa gizani kama miezi mitatu. Pampu zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Jua nani atakupigia simu usiku, na nani ana mamlaka ya kuizuia boti iliyojaa kupita kiasi hata kama mwenye boti ni mtu mkubwa.

Mwisho ni wapambe. Wataanza kukuzunguka kabla matokeo hayajatangazwa, na kila mmoja atakuwa na jina la kukupa. Chagua mapema watu wawili watatu wasiotaka cheo, mmoja wao awe Mpemba, uwaandikie walinzi na katibu wako majina yao, waruhusiwe kuingia bila miadi.