Usimvike mteja kilemba cha ukoka

Mtu anayetumia unga, yaani heroini, hapa Mombasa ameishi kwa maneno matamu. Ameyasema kwa shangazi apewe nauli, ameyasema kwa mwenye duka akopeshwe, na yeye mwenyewe ameambiwa na waliotaka awabebee mzigo. Kwa hiyo mshauri anayemwambia "Safi sana, wewe ni shujaa!" hata kabla hawajajuana, kilemba hicho cha ukoka mteja anakitambua mara moja, na kuanzia hapo atakujibu yale unayopenda kusikia. Nawaandikia wenzangu mnaoanza ushauri nasaha, Kisauni, Likoni au popote, kwa sababu kauli ya kutambua, yaani kumtajia mtu jema lililo kweli kwake, ikisemwa sawasawa humrudishia heshima ambayo mtaa umemvua zamani.

Kauli hizi ni sehemu ya mahojiano ya kuamsha ari, njia ya kuzungumza na mteja ili apate mwenyewe sababu za kubadilika. Mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, aliieleza njia hii mwaka 1983 katika makala kuhusu watu wenye matatizo ya ulevi, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaitolea kitabu. Stadi zake za msingi ni nne: kuuliza maswali yaliyo wazi, kutambua, kumrudishia mteja alichosema ili ayasikie maneno yake mwenyewe, na kufupisha mazungumzo. Hiyo ya pili ndiyo inayodhaniwa kuwa rahisi.

Shida huanzia kwenye pongezi. Ukisema "Nimefurahi sana umeacha," umejiweka kitini kama hakimu. Leo umefurahi, akiteleza kesho, utakasirika. Mteja anapiga hesabu hiyo kichwani, na siku akiteleza haji, au anakuja akakuficha. Kauli ya kutambua haisemi habari za furaha yako. Inataja jitihada yake, nia yake, uwezo wake au jambo analolithamini, na inaanza na yeye: uliamua, ulivumilia, unajali.

Chukulia kijana wa Mji wa Kale anayekwenda Kisauni kunywa methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini. Dawa hii kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo siku isiyo na nauli ni mtihani. Anakwambia, kama jambo dogo: "Jana sikuwa na kitu, nikaenda kwa miguu."

Wengi tutasema "pole" tuendelee na fomu. Simama hapo hapo! Huyu amevuka Daraja la Nyali juani, akapita Kongowea penye watu anaowajua na wanaomjua. Lakini usikimbilie kumwambia wewe. Muulize kwanza: "Ulipofika darajani, nini kilikufanya usirudi?" Atafikiri kidogo, kisha pengine ajibu, "Nilijua nikirudi maskani arosto itanikuta pale, na pale siwezi kukataa."

Arosto ni yale maumivu ya kukosa unga. Sasa una kitu mkononi. Mwambie: "Uliiona hatari mapema, ukachagua njia ndefu." Basi. Nyamaza. Mwache aisikie.

Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote, maana ulimi unatamani kuongeza "lakini." "Umejitahidi, lakini mbona Jumatatu hukuja?" Neno hilo moja likiingia, mteja anasahau yote yaliyotangulia. Kama kuna suala la Jumatatu, na lipo, lipe nafasi yake baadaye, kwa swali lake lenyewe.

Kuna kauli inayotaja tendo, kama hiyo ya njia ndefu, na kuna inayotaja tabia ya mtu: "Ukishaamua jambo, hulitupi njiani." Ya pili ina nguvu zaidi, lakini inahitaji ushahidi zaidi. Mimi siisemi mpaka nimesikia angalau visa viwili vinavyoibeba, na navitaja vyote viwili nikiisema, ili mteja akitaka kupinga abishane na maisha yake mwenyewe. Kwa kikao kizima kauli mbili au tatu zinatosha. Zikizidi, zinageuka kelele.

Mara nyingi mteja atakujibu, "Ah, ni Mungu tu." Usishindane naye hata kidogo. Kwetu pwani hiyo ni adabu na ni imani. Sema, "Alhamdulillahi. Mungu akajaalia, na wewe ukanyanyua mguu." Akitabasamu, endelea. Akikaa kimya, pia endelea.

Wengine watasema, "Mimi ni teja tu, dada." Ukimjibu "Hapana, usiseme hivyo," umeanza mabishano ambayo atayashinda, kwa kuwa ana mifano mingi kuliko wewe. Mrudishie kwanza alichokisema: "Unajiona huna jingine." Kisha lete jambo alilokueleza kwa kinywa chake: "Na bado ni wewe uliyempeleka mamako hospitali usiku ule."

Mkubwa kwa umri anahitaji uangalifu wake. Mshauri wa miaka ishirini na kitu akimwambia mzee "umefanya vizuri," inasikika kama mwalimu na mwanafunzi, na mzee anaumia. Shikamoo kwanza, kisha geuza kauli iwe swali la mtu anayetaka kujifunza: "Mzee wangu, uliwezaje kukaa Ramadhani nzima bila pombe na marafiki ni wale wale?" Jibu lake lote litakuwa ni kujitambua mwenyewe, na lina uzito kuliko chochote ambacho ungemwambia.

Siku ya kuteleza ndiyo siku kauli hizi zinapohitajika zaidi. Ametumia tena, amekuja macho chini. Usiisifu sindano, na usijifanye hukusikia. Tafuta lililo kweli: amerudi, na amesema. "Ungeweza kukaa kimya nisijue. Umekuja ukanieleza mwenyewe." Halafu uliza kilichotokea kabla ya kutumia, kwa utulivu ule ule ungeuliza habari ya homa. Ukikosa kabisa la kweli la kusema, usibuni. Sikiliza tu, mtu mzima hakosi jambo.

Akishatoka, kabla hujamwita anayefuata, andika mstari mmoja wa jambo alilofanya, kwa maneno yake: "Alipita Kongowea, hakusimama." Kikao kijacho anzia hapo. Mtu anayeona kwamba umekumbuka kisa chake, tena bila kukipamba, hufunguka zaidi.

Usiisahau familia. Mama anapokuja amechoka, huanza na redio iliyouzwa na sufuria zilizopotea, na ana haki. Naye mtambue: "Miaka yote hii, sahani yake bado unaiweka." Akina mama wengi hulia hapo, kwa sababu kila aliyewaambia kitu aliwaambia kwamba wanamdekeza. Akishatulia, mfundishe sentensi moja ya kwenda nayo nyumbani. Mwana akirudi kutoka kunywa dawa, asiseme "Leo umeenda, kesho je?" Aseme, "Umeenda na leo, mwanangu," kisha ampakulie chakula. Ajizoeze kuisema hapo ofisini, mara mbili, mpaka ile "kesho je?" isimtoke tena. Habari ya redio ataizungumza kikao kijacho, mwanawe akiwa amekaa naye.