Land Cruiser 80: kagua eksili ya mbele kabla hujaenda Karamoja

Wenye Land Cruiser 80 bado tuko wengi huku Uganda, na kila mvua zikikaribia naulizwa swali lile lile, nikague nini kabla sijaipeleka gari Moroto ama Kidepo. Mimi niko na HZJ80 ya 1994, ile ya injini ya 1HZ, silinda sita, 4164 cc, haina turbo, na jibu langu halibadiliki: anza na eksili ya mbele. Hiyo injini ukiibadilishia oili na filta kwa wakati haina maneno, lakini kule mbele kuna sili ndogo tu ambayo ukiipuuza inamaliza beringi, inamaliza jointi inayozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona, na siku moja unalala Kotido unangoja spea zipandishwe kwa basi kutoka Kampala.

Sasa fanya hivi. Simamisha gari mahali pa tambarare, zungusha usukani mpaka mwisho, chuchumaa uangalie nyuma ya gurudumu la mbele, utaona kama bakuli la chuma la mviringo. Likiwa na utando mwembamba wa grisi hiyo ni kawaida, usibabaike. Ila ukikuta uji mweusi unachuruzika, tairi imelowa upande wa ndani na inanuka ile harufu kali ya oili ya difu (zile gia za ndani ya eksili), basi sili ya ndani imekwisha, oili inavuka kutoka kwa difu inaosha grisi yote. Kupata uhakika fungua plagi ya juu yenye kichwa cha mraba uchungulie, ukikuta grisi nzito iko sawa, ukikuta supu hakuna safari. Na hapo hapo pima oili ya difu, maana hiyo supu imetoka huko.

Halafu piga jeki, weka stendi (tafadhali, usiamini jeki peke yake), shika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, uitikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi za gurudumu, ukibaki ni zile beringi za juu na chini ambazo usukani unazungukia, na hizo ndizo zinafanya gari itetemeke mikononi. Mwisho tafuta uwanja, kata usukani wote, enda polepole, ukisikia tak tak tak jointi ya nje imechoka.

Watu wanabadilisha sili leo na baada ya miezi inavuja tena, wanalaumu spea. Mara nyingi shida iko kwa pumzi ya difu, kale kakofia kadogo juu ya eksili kanakojaa vumbi la murram mpaka kanaziba. Difu ikipata joto hewa inatafuta pa kutokea, inasukuma oili ipite kwa sili. Ukiingia mtoni eksili ikiwa moto inapoa ghafla, inavuta maji ndani, ndiyo unakuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Safisha hiyo pumzi kwanza, tena ikiwezekana iongezee paipu ifike juu kwenye boneti.

Ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, nunua seti nzima, sili za ndani, gasketi, ile felti na raba zinazofuta lile bakuli, usichukue sili moja moja, juu kazi ya kufungua ndiyo kubwa. Na muulize fundi kabla hajagusa gari kama ana soketi ya milimita 54 ya nati za habu, kile kitovu cha gurudumu. Mimi niliwahi kumwachia mtu akafungua kwa patasi na nyundo, nati zikaharibika meno, na beringi hazikukazwa sawa, nikarudia kazi yote baada ya wiki chache. Zile nati za chini zinazoshika mkono wa usukani zikazwe kwa spana ya kipimo, na ukishatembea kama kilomita mia tano zikazwe tena, maana zikilegea stadi (bolti zake) zinakatika na gurudumu halikufuati tena.

Mengine ni madogo. Stata ikifanya klik bila kuzunguka na betri ni nzima, usinunue stata mpya, mwambie fundi wa umeme abadilishe zile kopa za ndani, vipande vya shaba vinavyopitisha umeme. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ile ya belti ya taimingi ya injini, inafuata kilomita tu, kila 100,000, haijui hali ya belti, kwa hiyo kama umenunua gari juzi na huna historia yake, badilisha, ikikatika vali zinagongana na pistoni. Na ule udongo mweusi wa Karamoja mvua ikinyesha unashika kama gundi: funga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kwa eksili ya mbele na ya nyuma, ama kama yako ni ya kufunga habu kwa mkono zifunge, kabla hujaingia kwa tope, si ukiwa umeshakwama. Ukirudi kwa lami fungua.

Siku ya safari ukifika Mbale shuka, gusa habu zote mbili za mbele kwa mkono. Uvuguvugu hauna shida. Moja ikiunguza kuliko mwenzake, beringi imekazwa kupita kiasi ama breki imeshika, itengenezeni hapo hapo Mbale.