Kupanga kesho kwa -yor ya Kituruki

Mwanafunzi wa Kituruki anayezungumza Kiswahili ana bahati hapa. Ukishakata tiketi ya SGR husemi lazima "kesho nitaenda Mombasa". Unasema "kesho naenda Mombasa", na umeeleweka. Kituruki nacho husema Yarın Mombasa'ya gidiyorum, kwa wakati uleule wa jambo linaloendelea sasa.

Toa -mek au -mak kwenye kitenzi. Tia irabu, kisha -yor, kisha nafsi: -um (mimi), -sun (wewe), -uz (sisi), -sunuz (ninyi), -lar (wao), yeye haongezwi kitu. Irabu hufuata ile ya mwisho ya shina: baada ya a au ı tia ı, baada ya e au i tia i, baada ya o au u tia u, baada ya ö au ü tia ü. Kwa hiyo almak (kuchukua) huwa alıyorum, gelmek (kuja) geliyorum, buluşmak (kukutana) buluşuyoruz, dönmek (kurudi) dönüyorum.

Wengi hukwama penye shina linaloishia kwa a au e, kwa sababu irabu hiyo huondoka: başlamak (kuanza) ni başlıyor, beklemek (kungoja) ni bekliyorum. Kwenye gitmek (kwenda), t hugeuka d ikifuatwa na irabu. Kukanusha ni gitmiyorum, na kuuliza ni gidiyor musun?, maneno mawili yaliyoachana.

Usisahau neno la wakati: yarın (kesho), cuma günü (Ijumaa), haftaya (wiki ijayo). Ukimwambia mtu kwa simu geliyorum peke yake, ataamini umeshatoka Westlands na uko njiani, naye ataanza kukungoja.

Saa ndiyo inayowaponza watu zaidi. Beş ni tano, lakini Saat beşte buluşuyoruz si saa tano. Waturuki huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo kama miadi ni ya jioni, hiyo ni saa kumi na moja. Miadi ya saa nne asubuhi ni saat onda (on ni kumi). Ongeza au punguza sita kabla hujafungua mdomo.

Mpango ukiwa bado ni ubashiri, -yor haifai. Mvua ya kesho haijapangwa na mtu, hivyo sema yarın yağmur yağacak. "Kesho nitakuwa Nairobi" nayo ni Yarın Nairobi'de olacağım. Oluyorum hapo ni kosa. Na ukiamua jambo papo hapo, mfano kuahidi kupiga simu, sema ararım.