Jeli ikinata baada ya taa: namna ya kujua kama imeganda

Kila binti ninayemfundisha kucha hapa Sinza anaanza na kosa hili. Anampaka mteja jeli, ile rangi ya kucha inayogandishwa kwa taa maalumu, anautoa mkono kwenye taa, anagusa rangi, inanata, anaurudisha. Dakika mbili, nne, sita. Bado inanata, na mteja kashaanza kuangalia saa.

Dada, mnato ule hauondolewi na taa. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu kiyeyushi chake kinapaa hewani. Jeli huganda: miale ya UV (urujuanimno) ya taa inaamsha kianzishi kilichomo ndani, nacho kinazifunga molekuli kuwa minyororo. Sasa, oksijeni ya hewani huingilia kazi hiyo pale juu kabisa. Chini jeli imekuwa ngumu, juu unabaki utando mbichi, mwembamba kuliko unywele. Kidole kinakwama kwenye huo utando.

Usikubali kwa kuambiwa tu. Chukua kucha bandia mbili, zipake jeli isiyo na rangi. Moja ifunike kwa kipande cha nailoni angavu, ukibonyeze taratibu hewa yote itoke. Nyingine iache wazi. Ziweke pamoja kwenye taa sekunde 60, kisha bandua nailoni. Pitisha kijiti cha kuchokolea meno juu ya zote mbili. Iliyofunikwa kijiti kinateleza kama kwenye kioo. Iliyoachwa wazi kinaburuta, kinaacha mfereji unaong'aa. Taa ile ile, muda ule ule.

Nimesema kijiti, na nasisitiza. Usiguse kwa kidole kitupu. Jeli mbichi ikizoea kugusa ngozi inaleta aleji, na aleji hiyo haiponi ukasahau. Niliwashwa vidole miezi mizima kabla sijajifunza kuvaa glavu.

Kazini fanya hivi. Paka koti, yaani tabaka la jeli, liwe jembamba, hasa nyeusi na nyekundu iliyoiva, maana rangi nzito inaumeza mwanga kabla haujafika chini. Taa yangu ya LED, yenye mawimbi ya mwanga ya nanometa 365 na 405, naipa sekunde 60 kila koti. Wewe fuata maelezo ya chupa na taa yako. Kati ya koti na koti usifute: mnato ule ndio unaoshikisha koti linalofuata. Baada ya koti la mwisho subiri kama nusu dakika kucha ipoe, ndipo ufute kwa pamba isiyoacha nyuzi yenye spiriti ya isopropili. Ukifuta ingali moto, mng'ao unafifia. Koti la juu la aina isiyofutwa halihitaji hatua hii.

Sasa pima tena kwa kijiti. Kikiteleza, imeganda. Kikizama, au rangi ikijikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, hapo ndipo kuna kosa la kweli: koti nene, au taa imechoka. Taa za mirija ya zamani huzeeka huku zikiendelea kuwaka bluu vilevile, kwa hiyo macho hayatakusaidia. Usiongeze koti juu ya hiyo. Iondoe yote, anza upya kwa koti jembamba.

Kijiti kikitoka kwenye shina la kucha hadi nchani bila kukwama hata kidogo, mpake mteja mafuta ya ngozi ya kucha, umwache aende.