Jinsi ya Kuomba Kibali cha Huduma ya Kupiga Pasi Nyumbani

Kupiga pasi nguo za watu nyumbani ni kazi ya kujiongezea kipato ambayo mtu anaweza kuianza akiwa na vifaa vichache, na ndiyo maana wengi huianza kimyakimya, wakiamini kwamba kwa kuwa hakuna duka wala bango, kibali hakihitajiki. Imani hiyo huwagharimu pale jirani anapolalamika, mwenye nyumba anapohoji, au kampuni inapotaka kuwapa kazi ya sare za wafanyakazi wake na kudai kwanza nakala ya leseni. Majina ya ofisi na ya fomu hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya halmashauri na halmashauri, lakini maswali hufanana sana, kwa sababu mamlaka zote zina wasiwasi uleule: nyumba iendelee kuwa makazi, moto usizuke, na mapato yajulikane. Mwombaji anayejibu mambo hayo matatu kwa maandishi, kabla hajaulizwa, hupunguza kwa kiasi kikubwa safari za kurudi ofisini.

Anza na nyumba, si na fomu

Kabla ya kuchukua fomu yoyote, soma mkataba wako wa pango kutoka mwanzo hadi mwisho. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba nyumba itatumika kwa makazi pekee, na kifungu hicho hakifutwi na leseni ya halmashauri. Unaweza kupewa leseni na bado ukafukuzwa na mwenye nyumba kwa kuvunja mkataba, kwa hiyo ridhaa yake ya maandishi ndiyo hati ya kwanza kuitafuta. Ukiishi kwenye jengo lenye uongozi wa pamoja wa wakazi, uongozi huo nao una kanuni zake, hasa kuhusu wageni wanaopanda na kushuka ngazi. Ikiwa nyumba ni yako, angalia mkopo na bima: bima nyingi za nyumba hazilipi hasara iliyotokana na shughuli ya biashara ambayo kampuni haikuarifiwa.

Ridhaa ya mwenye nyumba haihitaji lugha ya kisheria, mradi itaje mipaka ya shughuli yenyewe. Maneno kama haya yanatosha: "Mimi, mmiliki wa nyumba iliyoko (anwani kamili), ninaridhia mpangaji wangu (jina kama lilivyo kwenye kitambulisho) aendeshe humo huduma ya kupiga pasi nguo katika chumba kimoja, bila kuweka bango nje, bila kuajiri mtu asiyeishi humo, na bila kubadilisha jengo au mfumo wa umeme pasipo idhini yangu ya maandishi. Ridhaa hii inaanza tarehe (weka tarehe) na itadumu kwa muda wa mkataba wa pango." Mwenye nyumba atie saini, aandike namba yake ya simu, na abaki na nakala. Mipaka hiyo inamtuliza yeye, na pia inamtuliza afisa atakayesoma jalada lako, kwa kuwa biashara za nyumbani hukubaliwa kwa urahisi zaidi zinapobaki ndogo na zisizoonekana kutoka barabarani.

Maelezo ya biashara: hapa ndipo maombi mengi hukwama

Kila fomu ya leseni ina sehemu inayouliza aina ya shughuli, na nafasi yenyewe mara nyingi ni mstari mmoja tu. Mwombaji huandika "dobi" au "usafi wa nguo", akadhani amemaliza. Ninashauri kwa msisitizo asiandike hivyo kama kazi yake ni kupiga pasi tu, na sababu iko kwenye namna shughuli zinavyopangwa. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi unaotolewa na Umoja wa Mataifa, toleo la 4 la mwaka 2008, kupiga pasi kumewekwa katika daraja moja, namba 9601, pamoja na kufua na kusafisha nguo kwa kemikali. Nchi nyingi zimejenga orodha zao juu ya mfumo huo. Matokeo yake ni kwamba afisa anapoingiza namba ya shughuli yako, mtu mwenye pasi moja sebuleni anaonekana kwenye daftari sawa na kiwanda cha kufulia.

Tofauti kati ya shughuli hizo si ndogo. Ufuaji wa kibiashara hutoa maji machafu yenye sabuni, ambayo mamlaka ya maji hutaka kujua yanaelekea wapi. Usafishaji wa kemikali hutumia viyeyusho kama perikloroethilini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 2A, yaani vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Ni haki kabisa kwa afisa kudai cheti cha mazingira na mfumo wa kutoa hewa anapohisi kwamba kemikali hizo zitaingia katika nyumba ya kuishi. Ni juu yako kumwonyesha kwamba haziingii.

Kwa hiyo, andika kwenye mstari wa fomu "kupiga pasi nguo zilizokwisha kufuliwa", kisha uambatishe ukurasa mmoja wa maelezo. Ukurasa huo useme kwamba utapokea nguo zilizofuliwa na kukauka, utazinyoosha kwa pasi ya umeme, na utazikunja au kuzitundika. Kwamba hutafua, hutatumia viyeyusho wala kemikali za kuondolea madoa, na hutamwaga maji machafu ya biashara. Kama unatumia wanga wa kunyunyizia ili kola na mikono ya shati isimame vizuri, utaje, kwa sababu mkaguzi akikuta chupa ambayo hukuiandika ataanza kutilia shaka na yale uliyoyaandika. Eleza pia saa za kazi, ni nani atafanya kazi, na nguo zitafikaje kwako. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: ukizifuata na kuzirudisha nguo wewe mwenyewe, sema hivyo waziwazi, kwani hoja kubwa dhidi ya biashara za nyumbani ni msongamano wa wateja na magari mlangoni. Ukipenda wateja waje, taja idadi unayotarajia kwa siku na saa watakazokuja, na usipunguze idadi ili upendeze, maana jirani atakayehojiwa anawaona kwa macho yake.

Wapo wanaoshauri kwamba uombe leseni pana tangu mwanzo, ili siku ukianza kufua usirudi ofisini. Mimi siukubali ushauri huo. Leseni pana huleta ada, ukaguzi na masharti ya kazi ambayo bado huifanyi, ilhali kuongeza shughuli baadaye ni ombi la marekebisho tu.

Jina na namba ya mlipa kodi

Sehemu hii ni fupi. Ukifanya biashara kwa jina lako kamili, katika nchi nyingi huhitaji kusajili jina la biashara; ukitumia jina la kubuni, ni lazima ulitafute kwanza katika daftari la msajili, kwa kawaida kupitia intaneti, kuhakikisha halijachukuliwa. Namba ya mlipa kodi inahitajika vyovyote vile, hata kama kipato ni cha ziada na una ajira nyingine. Mwajiriwa ambaye tayari anayo namba hiyo kwa kawaida haombi mpya, bali huarifu mamlaka ya mapato kwamba ana chanzo kingine cha kipato, na kuanzia siku hiyo anaweka daftari la mapato na matumizi.

Kujaza na kuwasilisha fomu

Jina lako liandikwe kwa herufi zilezile kwenye kitambulisho, mkataba wa pango, barua ya ridhaa na fomu. Tofauti ya herufi moja, au majina mawili hapa na matatu pale, ni sababu ya kawaida ya jalada kurudishwa. Swali lisilokuhusu usiliache wazi. Andika "haihusiki", ili afisa ajue umelisoma. Panapoulizwa mtaji, hesabu pasi, meza ya pasi, vitundikio, mifuko na fedha ya mwezi wa kwanza ya umeme, bila kuongeza chumvi, kwani baadhi ya mamlaka hukokotoa ada kwa kutazama kiasi hicho.

Pamoja na fomu ambatisha nakala ya kitambulisho, mkataba wa pango au hati ya nyumba, barua ya ridhaa, namba ya mlipa kodi, ukurasa wa maelezo ya biashara, na mchoro mdogo wa chumba unaoonyesha mlango, dirisha, soketi na mahali meza itakapokaa. Mchoro wa mkono unatosha ikiwa vipimo vimeandikwa. Lipa ada kwa njia rasmi peke yake, iwe benki, simu au dirisha la malipo, na usiondoke bila stakabadhi na namba ya kumbukumbu ya jalada. Namba hiyo ndiyo utakayoitaja kila utakapoulizia ombi lako. Bila hiyo utakuwa unategemea kumbukumbu ya mtu.

Ninapendekeza kiambatisho kimoja zaidi hata kama hakijaombwa, nacho ni nakala tupu ya hati ya mapokezi utakayompa mteja. Iwe na jina la mteja, idadi na aina ya nguo, kasoro zilizokuwepo wakati wa kupokea, na nafasi ya kuandika alama ya pasi iliyo kwenye lebo. Alama hiyo ni mchoro wa pasi wenye nukta: moja ni joto la chini, takriban nyuzi 110 za Selsiasi, kwa vitambaa kama nailoni na akriliki, mbili ni takriban 150, kwa sufu, hariri na poliesta, tatu ni takriban 200, kwa pamba na kitani. Pasi yenye alama ya mkato maana yake nguo hiyo isipigwe pasi. Hati ya namna hii inamwonyesha afisa kwamba umeifikiria kazi yako, na siku blauzi ya mtu itakapoungua, itaonyesha nani aliwajibika kwa lipi.

Ukaguzi

Si kila mamlaka hutuma mkaguzi kwa biashara ndogo kama hii, lakini jiandae kana kwamba atakuja, kwa sababu anachokitazama ndicho kinachoweza kuiunguza nyumba yako. Pasi ya wati 2,400 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 10. Soketi nzuri ya ukutani hubeba mzigo huo bila taabu, lakini ekstensheni nyembamba haiubebi kwa saa nzima, na ekstensheni iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto zaidi kwa kuwa waya haupati nafasi ya kupoa. Chomeka pasi moja kwa moja ukutani. Ukitaka kutumia pasi mbili kwa wakati mmoja, mwite fundi umeme mwenye leseni apime kama waya za chumba zinahimili, akague waya wa ardhi na kikata umeme, kisha akupe taarifa iliyosainiwa. Taarifa hiyo iweke kwenye jalada; katika ukaguzi ina thamani kuliko maneno yako yote.

Gusa plagi baada ya nusu saa ya kazi, ukiwa umekwisha kuichomoa. Ikiwa ni ya moto, au plastiki yake imeanza kugeuka rangi ya kahawia karibu na vijino, soketi imelegea na inabidi ibadilishwe kabla mkaguzi hajafika.

Meza isikae karibu na pazia, na waya usikatize njia ya kupita. Chumba kiwe na dirisha linalofunguka, kwani mvuke wa siku nzima hulowesha kuta na kuleta ukungu, ambao huharibu nguo za wateja na kumkasirisha mwenye nyumba. Nguo zinazosubiri zitenganishwe na nguo za familia, ikiwezekana kwenye kabati au fremu yake. Kizima moto kiwe cha unga mkavu au cha hewa ya ukaa, si cha maji, kwa kuwa moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Kama kuna watoto wadogo, mweleze mkaguzi pasi ya moto hupoea wapi, kisha umwonyeshe mahali penyewe.

Mkaguzi akikupa orodha ya marekebisho, omba iwe ya maandishi na yenye tarehe ya mwisho. Ukimaliza, mpelekee picha na stakabadhi za fundi bila kungoja arudi.

Baada ya majibu

Ukikubaliwa, soma masharti yaliyoandikwa nyuma ya leseni au kwenye barua yake, maana humo ndimo hutajwa saa za kazi, idadi ya wafanyakazi na katazo la bango. Ukikataliwa, usiombe upya papo hapo. Omba sababu kwa maandishi, kwa kuwa rufaa huwa na muda maalumu unaohesabiwa kuanzia tarehe ya barua ya kukataliwa, na ombi jipya lenye kasoro ileile halitafika mbali. Sababu ikiwa ni aina ya shughuli, rudi kwenye ukurasa wa maelezo na ueleze tena kwamba hakuna ufuaji. Ikiwa ni malalamiko ya majirani, kubali kupunguza saa au kuacha kupokea wateja mlangoni, na uliandike hilo kama sharti unalojiwekea.

Leseni ikitoka, andika tarehe yake ya mwisho mahali unapopaona kila siku na anza kuihuisha mwezi mmoja kabla. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida leseni hutolewa kwa mtu fulani katika anwani fulani. Ukihama, hata kama ni nyumba ya jirani, toa taarifa ya kubadili anwani pamoja na ridhaa ya mwenye nyumba mpya kabla ya kupokea nguo ya kwanza huko.