Gundi ya kuchanganya kwa wanaounda vijahazi

Kijahazi cha kwanza nilichouza kilirudi baada ya wiki tatu. Hanamu, ule ubao unaosimama mbele ya chombo, ilikuwa imeachana na mkuku, uti wa chini wa chombo, na ufa umepanda hadi ubao wa pili. Mteja, mama mmoja mpole, alisema mwanawe alikuwa akikichezea ndani ya beseni tu. Nilikichukua nikakitazama juani. Gundi yote ilikuwa imebaki kwenye mkuku, inang'aa kama kioo, na kwenye hanamu hakuna hata alama. Gundi haikuvunjika. Tangu mwanzo haikushika.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kuiheshimu gundi hii. Madukani wengi tunaiita araldaiti, hata ikiwa ya kampuni nyingine kabisa. Araldite ni jina la bidhaa moja iliyotoka Duxford, Uingereza, miaka ya 1940, kwa watu waliokuwa wakitengeneza gundi za ndege. Chochote kitakachoandikwa kwenye boksi, unachotafuta ni epoksi: mirija miwili, mmoja una resini na mwingine una hadena, yaani kigandishi chake. Zikikaa mbalimbali hazigandi. Zikichanganywa zinashikana zenyewe kwa zenyewe, wala hazingojei maji yakauke kama gundi nyeupe ya seremala. Ndiyo maana epoksi haisinyai sana, na inaweza kujaza nafasi ndogo pale mbao zisipokutana sawasawa.

Dukani utakuta ya dakika tano na ile ya polepole. Chukua ya polepole. Ya dakika tano ninayo kabatini, lakini kazi yake ni vitu vidogo, kama kubandika pete ya shaba kwenye mlingoti. Haivumilii maji sana, na kwa joto letu la pwani hizo dakika tano huwa tatu. Kwenye kile kijahazi kilichorudi niliitumia hiyo, na nadhani ilikuwa imeshaanza kuganda nilipokuwa bado naikalisha hanamu. Kosa la pili lilikuwa mbao zenyewe. Zilikuwa za msaji, na msaji una mafuta. Nilizipiga randa Jumamosi, nikazibandika Jumanne bila kuzigusa tena.

Siku hizi napiga msasa wa namba 80 muda mfupi kabla ya kubandika, niache mikwaruzo ya kuonekana. Uso laini unapendeza macho, ila gundi haipati pa kushika. Nafuta vumbi kwa brashi kavu, kisha msaji naupangusa kwa kitambaa safi chenye asetoni, nageuza kitambaa na kupangusa tena, nasubiri ikauke. Mbao zisizo na mafuta hazina usumbufu huo. Msasa na brashi vinatosha. Baada ya hapo siugusi uso kwa kidole.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kuna imani kwamba ukizidisha hadena gundi itaganda upesi na kuwa ngumu zaidi. Si kweli. Hadena iliyozidi haina resini ya kushikana nayo, inabaki humo na kuifanya gundi kuwa laini kama mpira. Soma kipimo kwenye boksi. Kama ni sawa kwa sawa, tumia mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, mililita 2 huku na mililita 2 huku, na kila bomba libaki na kazi yake milele. Koroga kwa kijiti dakika nzima ukitazama saa, ukikwangua pembeni na chini. Halafu hamishia kwenye kigae kingine kisafi ukoroge tena kidogo, kwa sababu kile kilichonata pembeni mwa chombo cha kwanza mara nyingi hakijachanganyika. Itandaze pana, usiiache kwenye kikombe kama uji: ikirundikana inajipasha moto yenyewe na kuganda kabla hujaitumia.

Sasa mguu wa hanamu. Pale mbao zimekatwa kuvuka nyuzi, na vichwa vya nyuzi hunywa gundi kama mchanga unavyonywa maji. Paka kwanza gundi tupu, nyembamba, pande zote mbili, na usubiri dakika kumi. Utaona sehemu ya hanamu imefifia, haing'ai tena, imekunywa. Paka tena. Kisha chukua gundi iliyobaki, uichanganye na unga laini wa mbao uliochekechwa kwa kitambaa, mpaka iwe nzito kama samli iliyoganda, isiyotiririka ukiinamisha kigae. Hiyo ndiyo ya kuunganishia.

Usikaze kwa nguvu. Gundi nyeupe inapenda kubanwa, epoksi haipendi. Ukiibana sana inatoka yote nje na kuacha kiungo kikavu. Mimi hufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu tu, na chini yake naweka karatasi ya nailoni, maana epoksi haishiki nailoni ya mifuko. Inayovuja ipanguse papo hapo kwa kitambaa chenye spiriti. Ikishaganda utaiondoa kwa patasi na machozi.

Vaa glavu. Gundi hii inaweza kukaa na wewe kwa amani miezi mingi, kisha siku moja ngozi ikaikataa, ikawasha na kuvimba kila unapoigusa, na hali hiyo kwa kawaida haiondoki. Ikikudondokea, osha kwa sabuni na maji, usitumie thina, kwani thina huipeleka ndani ya ngozi.

Kigae chenye mabaki usikitupe. Kesho yake kandamiza mabaki kwa ukucha: ukiacha alama, kijahazi bado hakijawa tayari kufunguliwa. Kabla ya vanishi kioshe kwa maji na sponji, kwa kuwa hadena nyingine huacha utando wa mafuta juu, na vanishi haikai hapo.

Na kabla ya yote haya, kata vipande viwili vya mbao zilezile utakazoundia, vyenye urefu wa kidole. Viandae na uvibandike kwa njia hiyohiyo, uviache hadi kesho, kisha uvibane kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na kuvivunja kwa nyundo. Vikiachana pale kwenye gundi, safi na vinang'aa, rudi kwenye msasa na asetoni. Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki juu ya gundi, chonga mkuku.